Somo la Lugha: Juu ya “Who”, “Which” na Ndugu Zao

Wazazi kadha wa kadha wa hapa Babati wametuomba tuseme neno juu ya Kiingereza cha watoto wao, nasi twaona ombi lao ni la haki. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo Kidato cha Kwanza hukuta lugha imegeuka: hesabu, jiografia na elimu ya viumbe zote zamjia kwa Kiingereza. Tena kwa wengi wa kwetu hiyo ni lugha ya tatu. Nyumbani walianza na Kigorowa au Kiiraqw, zilizo za jamii ya Kikushi. Au Kirangi au Kimbugwe, zilizo za Kibantu kama Kiswahili. Au lugha ya Wabarbaig, iliyo ya Kiniloti. Lakini aliyekwisha kuvuka mto mmoja hashindwi na wa pili, ila aonyeshwe kivuko.

Kivuko cha mwezi huu ni virejeshi, yaani maneno yaungayo jina na habari zake. Katika Kiswahili kirejeshi hukaa ndani ya kitendo. Twasema mtu aliyekuja, kitabu kilichopotea, miti iliyoanguka. Na zile silabi -ye-, -cho- na -yo- zafuata ngeli ya jina. Au twatumia amba-, lililotoka katika kitendo cha kale kuamba, maana yake kusema, nalo hupokea silabi zile zile mwishoni. Wageni waliojifunza Kiswahili iliwapasa kuzishika silabi za ngeli zote. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870, na Bibi E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944. Mzigo wetu ni mwepesi kuliko wao, kwa maana virejeshi vikuu vya Kiingereza ni vitano tu: who, whom, whose, which na that.

Kiingereza hakiulizi ngeli. Chauliza maswali mawili. La kwanza: anayetajwa ni mtu, au si mtu? Hapo Kiswahili chaweza kutupoteza, kwa sababu twasema mtoto aliyepotea na ng'ombe aliyepotea kwa silabi moja. Mwingereza huwatenga: “The child who was lost”, lakini “The cow which was lost”. Neno that laweza kutumika kwa wote wawili. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 asishangae akikuta which limetumika kwa watu, hata kwa Mungu mwenyewe. Ndivyo Kiingereza cha siku zile kilivyoruhusu, lakini leo mtihani hauruhusu.

Swali la pili: huyo anayetajwa ana kazi gani katika maneno yanayofuata? Akiwa ndiye atendaye, ni who: “The elder who gave us the letter”, yaani mzee aliyetupa barua. Akiwa ndiye atendewaye, ni whom: “The elder to whom we gave the letter”, yaani mzee tuliyempa barua. Akiwa ndiye mwenye kitu, ni whose.

Sasa tazameni mtego ulio mkubwa kuliko yote. Katika neno tuliyemwona mtu yule ametajwa mara mbili, kwa -ye- na kwa -mw-, na Kiswahili hakioni kosa. Mtoto huyahamisha yote mawili, akaandika: “The elder whom we saw him.” Lile whom limekwisha kukaa mahali pa yule mzee, him aja kukalia kiti chenye mtu. Liondolewe: “The elder whom we saw.” Kadhalika twasema mjane ambaye nyumba yake imeungua, na mtoto huandika: “The widow who her house was burnt.” Neno whose limebeba “ambaye” na “yake” pamoja: “The widow whose house was burnt.” Basi mtoto akimaliza kuandika, na ajiulize: je, nimemtaja mtu mmoja mara mbili baada ya kirejeshi?

Tena, kirejeshi chaweza kuachwa kikiwa ni cha mtendewa: “The letter we wrote” ni sahihi. Cha mtenda hakiachwi. Asemaye “The man came yesterday is my uncle” amekosa. Na aseme “The man who came yesterday”.

Limebaki jambo la alama ya mkato. Ni ndogo kama punje ya ulezi, lakini yaweza kugusa mfuko wa mtu. Tuseme karani wa ghala amebandika tangazo: “The farmers who brought pigeon peas on Saturday will be paid today.” Maana yake, watakaolipwa leo ni wale wa Jumamosi tu, aliyeleta mbaazi zake Jumatatu na asubiri. Karani akitia mikato miwili, “The farmers, who brought pigeon peas on Saturday, will be paid today”, amesema kwamba wakulima wote walileta Jumamosi na wote watalipwa leo. Yule wa Jumatatu atasimama mlangoni akidai, na karatasi itakuwa upande wake. Na penye mikato namna hii, neno that halitumiki.

Hata nyumbani jambo hili lipo. “My mother, who lives in Kondoa, is ill” yataka mikato, kwani kwa Mwingereza mama ni mmoja. Ukiiondoa atadhani una mama kadhaa, nawe umemtaja yule wa Kondoa. Kwetu sisi mama wakubwa na mama wadogo ni mama vile vile, na ndugu ni wengi. Kwa hiyo mtoto aandikapo barua kwa mtu asiyeijua nyumba yetu, kwanza afikiri: je, namchagua mmoja kati ya wengi, au naongeza habari tu juu ya yule ajulikanaye? Akichagua, asitie mikato, akiongeza, aitie.

Wazazi msiojua Kiingereza, msidhani hamna kazi hapa. Mwambieni mtoto aseme kwa Kiswahili ni nani aliyetenda, nani aliyetendewa, na kitu ni cha nani. Akikosa kujibu hayo kwa lugha aijuayo, Kiingereza hakitamwokoa.

Zoezi la mwezi huu ni kusahihisha sentensi hizi tatu. Majibu tutayatoa mwezi ujao.

1. The nurse which helped us is from Magugu.
2. The boy who his father sells fish is my friend.
3. The road that we followed it goes to Dodoma.