Mtoto Mchanga si Mtungi

Juma hili twataka kusema na akina mama, na bibi wa nyumbani, na akina baba pia, juu ya dakika chache za kwanza za mtoto aliyezaliwa. Lakini kwanza tuutazame mtungi wa maji.

Kila mtu ajua kwamba maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo ya bati, hata kama yametekwa kisima kimoja na kukaa kivuli kimoja. Kwa nini? Mtungi ni wa udongo, nao una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole, na mtungi hutoka jasho. Jasho hilo hukauka, yaani hugeuka mvuke na kwenda zake hewani. Lakini maji hayageuki mvuke bure. Lazima yapate joto, na joto hilo huchukuliwa katika mtungi na katika maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu yanapoa.

Tena joto hilo si kidogo. Mpishi yeyote ajua hivyo. Sufuria ya maji huchemka baada ya kitambo, lakini mpaka maji yote yakauke, utatia kuni mara nyingi. Hesabu yake ni hii: kuipasha gramu moja ya maji toka digrii 20 hadi 100 kwataka kalori 80. Kuigeuza gramu hiyo hiyo iwe mvuke kwataka kalori 540 zaidi, karibu mara saba. Na wakati wote wa kuchemka maji hayazidi kuwa moto, ingawa kuni zinawaka chini yake. Joto laingia, wala halionekani. Daktari Joseph Black ndiye aliyelipima jambo hili huko Glasgow, Uskoti, katika miaka ya 1760, akasema kwamba ni joto lililofichika.

Wala maji hayangoji kuchemka ndipo yageuke mvuke. Nguo hukauka kambani bila moto. Maji yaliyo juu ya ngozi ya mtu hukauka vivyo hivyo, na kila gramu inayokauka huchukua kama kalori 580.

Sasa tumrudie mtoto. Tumboni mwa mama alikaa katika maji yenye joto kama la damu ya mama yake. Ghafula atoka nje, amelowa toka utosini hata nyayoni, na chumba ni baridi. Fikirini nyumba ya Njombe au Lushoto usiku wa Julai! Mara moja maji yale yaanza kukauka juu ya ngozi yake. Maji ya kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5. Yakikauka yote, huchukua kama kalori 2,900. Na mwili wa mtoto wa kilo 3 ukipoteza kalori 2,500 hivi, hushuka digrii moja. Kweli, sehemu ya joto hilo hutoka hewani, lakini sehemu kubwa hutoka kwa mtoto. Huyo sasa amekuwa mtungi.

Labda mtauliza: Je, mtoto hana moto wake mwenyewe? Anao. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, huko Paris, Lavoisier na Laplace walimtia simbilisi, yule mnyama mdogo afugwaye kama sungura, katika chombo kilichozungukwa na barafu. Kwa saa 10 joto la mnyama huyo liliyeyusha barafu kama aunsi 13. Wakapima pia hewa aliyoitoa puani. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole, kama mkaa, ila bila mwali.

Leo twajua moto huo unawaka wapi. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ziitwazo seli. Ndani ya seli mna vijumba vidogo zaidi, viitwavyo mitokondria. Humo chakula huunganishwa na oksijeni tuliyoivuta, na nguvu iliyokuwa ndani ya chakula hutoka. Sehemu yake hufanya kazi za mwili, na sehemu yake huwa joto. Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, maana misuli ikifanya kazi huongeza joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri. Badala yake amepewa akiba ya mafuta ya rangi ya kahawia, katikati ya mabega, shingoni na karibu na figo. Mitokondria za mafuta hayo ni nyingi, nazo huyachoma ili kutoa joto tu, si kazi nyingine.

Lakini akiba hiyo ni ndogo, na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ana kidogo zaidi. Tena moto huo wataka oksijeni na sukari ya damu. Mtoto akiachwa na baridi hutumia vyote viwili upesi. Kisha hulegea, na akilegea hanyonyi. Asiponyonya hapati kuni mpya za kuwasha moto wake, naye huzidi kupoa. Hivyo mtoto aliyezaliwa mzima aweza kufa, na watu wasijue amekufa kwa nini.

Joto linalomfaa mtoto ni digrii 36.5 hadi 37.5. Basi, tufanyeje?

Kwanza, chumba kiwe na joto kabla hajazaliwa, digrii 25 au zaidi, na madirisha na milango ipitishayo upepo ifungwe. Lakini msiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ni sumu, nayo huua mama na mtoto pamoja.

Pili, mara tu azaliwapo akaushwe mwili wote, na kichwa hasa, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake. Kisha kitambaa kilicholowa kiwekwe kando na kitwaliwe kikavu. Kumfunika mtoto kwa kitambaa kilicholowa ni kumvika mtungi.

Tatu, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na khanga kavu juu yao wote wawili, na kofia kichwani mwake. Mwili wa mama ni jiko lisilounguza wala kutoa moshi. Hapo hapo aanze kunyonya maziwa ya kwanza, yale ya manjano, wala yasimwagwe.

Nne, asiogeshwe siku hiyo. Shirika la Afya Duniani lashauri kungoja saa 24. Hapa bibi wengi watakunja uso, na twawaelewa, kwani wao wapenda mtoto awe safi. Lakini bibi, kumkausha ni kumsafisha pia. Ule utando mweupe ulio juu ya ngozi yake si uchafu. Ni kinga yake, uacheni. Kesho ataoga, kwa maji ya uvuguvugu, naye atakushukuru.

Kwa watoto wadogo sana, wasiofika kilo 2.5, kifua cha mama ni dawa kubwa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá huko Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Akawaambia akina mama wawabebe vifuani, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Njia hiyo imeenea dunia nzima, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze upesi mara baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akichoka au akiugua, baba avue shati. Si aibu hata kidogo, kifua chake kina joto lile lile.

Mwisho, mgusieni mtoto tumbo na nyayo mara kwa mara. Nyayo zikiwa baridi, mrudisheni kifuani upesi. Tumbo likiwa baridi, au akikataa kunyonya, au akilegea, mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Na njiani asifungwe peke yake katika blanketi, bali akae kifuani, ngozi kwa ngozi.

Kwa hiyo, ewe mama unayengoja siku zako, weka vitambaa viwili vikavu na kofia katika kikapu chako tangu leo. Nawe baba, uliza kama vimekwisha kuwekwa.