Kwato Hazidanganyi, Lebo Inaweza

Makamanda, leo tuweke katiba pembeni kidogo tuongelee kwato za ng'ombe. Msicheke, hii nayo ni haki.

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Chukulia kikundi cha vijana wa Misungwi kimekopa, kikanunua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akianza kuchechemea, anaona uvivu kwenda horini, maziwa yanashuka, hata dalili za joto hazionekani vizuri. Lakini rejesho la mkopo halichechemei, tarehe yake ni ileile.

Lawama ya kwanza humwangukia mfugaji: banda lako chafu! Ni kweli, tope na mkojo hulainisha kwato. Ila kwato zimeundwa na keratini, kitu kilekile kilicho kwenye kucha zako, na ili ziwe imara mwili unahitaji zinki na shaba kwa kiasi kidogo sana. Ng'ombe wa kulishwa mabua na pumba tu anaweza kuvikosa. Chumvi ya jikoni peke yake haizibi pengo hilo. Ndiyo maana tunanunua chumvi ya madini.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Zinki huioni kwa macho. Jiwe la kulamba lenye madini na lisilo nayo yanaweza kufanana kabisa. Halafu kwato hukua kama milimita 5 tu kwa mwezi, kwa hiyo upungufu wa leo utauona miezi kadhaa mbele. Wakati huo mfuko umeshatupwa na risiti haipo. Sasa nenda mahakamani, ambako anayedai ndiye anayethibitisha. Utathibitisha na nini?

Kwa mali ya namna hii, kumwambia mfugaji "kama umeibiwa, shtaki" ni kumkejeli. Ulinzi wa maana ni ukaguzi kabla bidhaa haijauzwa. Na sheria tunayo: Sheria Na. 13 ya 2010 ya maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Tunachodai ni utekelezaji unaoonekana: sampuli zichukuliwe madukani, zipimwe, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata ili kila mtu asome. Muuzaji mwaminifu hana cha kuogopa hapo, atafaidika.

Wakati tunadai, jilindeni. Tunza mfuko na risiti, piga picha lebo. Mwite afisa mifugo mapema, kwato zikatwe. Na usijichanganyie mrututu kwenye pumba, shaba ikizidi ni sumu.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda. Diwani akimaliza kusoma taarifa yake, nyoosha mkono uulize: chumvi ya mifugo inayouzwa hapa kwetu ilipimwa lini, na majibu yako wapi?