Kazi Yako Imejaa Tao, Lakini Jina Lako Liko Wapi?

Panda mathree ya Kawangware jioni ukitoka tao, kisha uangalie nje ya dirisha mpaka ushuke. Utaona bango la kinyozi, menyu ya kibanda cha chipo, posta ya sherehe ya wikendi Westlands, banner ya krusedi. Kila moja ilichorwa na msee fulani aliyekesha kwa laptop huku bundles zikiisha. Sasa jiulize: unajua jina la hata mmoja wao?

Hapo ndipo kuna noma. Nairobi ina madizaina wakali, lakini wengi hawajulikani. Na msee asiyejulikana hulipwa vile mteja amejiskia siku hiyo. Posta anayoomba soo nane inakatwa mpaka soo tatu, kwa sababu mteja anajua River Road kuna mwingine atakubali.

Ushauri unaozunguka mtandaoni ni ule ule: jijengee "brand". Wengi wakisikia hivyo wanakimbia kujichorea logo, kuchagua rangi mbili na kubadilisha profile ya Instagram. Hiyo si vibaya, ila haikulipii rent. Jina linajengwa na kazi ambayo watu wakiiona wanajua ni yako, na makubaliano yanayokuruhusu kusema ni yako.

Tuanze na kazi yenyewe. Walimu wetu wa kwanza ni wachoraji wa mathree. Michuki rules zilipokuja 2004 na ile laini ya manjano, michoro ilipungua barabarani. Kama miaka kumi baadaye, Uhuru Kenyatta akiwa rais, serikali ikalegeza kamba na rangi zikarudi. Angalia nganya iliyoiva vizuri: mara nyingi kwenye kona utapata jina la fundi au la crew yake, wakati mwingine na namba ya simu. Gari linazunguka jiji kutwa nzima likimtafutia kazi, na yeye halipii tangazo hata bob. Mwenye gari naye haoni ubaya, kwa sababu jina kubwa la fundi linaipa nganya yake heshima stage.

Dizaina wa laptop hana hiyo kona. Akimaliza logo anatuma file, analipwa, anasahaulika. Na sheria haimsaidii vile anavyodhani.

Wengi tunaamini ukichora kitu ni chako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma hiyo mara mbili. Ukinyamaza, umempa. Lakini kifungu cha 32 kinakuachia kitu ambacho hakihami hata ukiuza kila kitu: haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeiunda.

Tuseme dem wa Kangemi amechorea hoteli fulani ya Kilimani logo kwa thao tano. Miezi sita baadaye hoteli imefungua matawi mawili, logo iko kwa vikombe, aproni na magari. Anaipost kwa ukurasa wake, anaambiwa aitoe. Hana mkataba, hana meseji yoyote inayosema anaweza kuionyesha. Haki ya kutambuliwa anayo, lakini kuipigania kutamgharimu kuliko zile thao tano. Angeandika mstari mmoja kabla ya kufungua laptop: "Nitaruhusiwa kuonyesha kazi hii kama yangu, na mabadiliko zaidi ya mawili yanalipiwa." Mstari mmoja tu, hata kwa WhatsApp, mteja ajibu "sawa". Hiyo meseji ina nguvu kuliko logo yako mwenyewe.

Kuna upande wa ganji pia. Tangu Januari 2024, kampuni ikitaka KRA ikubali gharama zake, inahitaji ankara ya eTIMS. Ndiyo maana ofisi za Westlands na Upper Hill siku hizi zinakuuliza PIN kabla hata hazijauliza bei. Msee asiye na karatasi anaweza kuwa mkali kuliko wote na bado akapitwa na mwenye kipaji cha kawaida aliye na ankara safi. Ndio, ukiingia kwa mfumo taxman anakuona. Lakini ukikaa nje, wateja wakubwa hawakuoni. Piga hesabu uchague, usijifanye hakuna bei upande wowote.

Na ile hofu ya Canva na AI? Ni ya kweli. Posta ya haraka sasa kila mtu anaweza kujitolea kwa simu. Kitu ambacho hakitoki kwa simu ni macho yako. Mwangalie Osborne Macharia. Alisomea usanifu wa majengo, akaingia upigaji picha, akatengeneza mashosho waliovaa kama mabosi wa fasheni, kwa hadithi za hapa hapa Kenya. Mwaka 2018 Marvel wakampa kazi wakati wa Black Panther. Hawakumfuata kwa sababu alikuwa bei rahisi. Walimfuata kwa sababu kile walichotaka kilikuwa kimeshapata jina, na jina ni lake.

Kuna siku pia kunyamaza ndio busara. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Finance Bill, posta kali zilisambaa simu kwa simu bila sahihi yoyote. Madizaina walijua wanachofanya: usalama kwanza, sifa baadaye. Tofauti ni kwamba wao walichagua kutotajwa. Msee wa logo ya thao tano hakuchagua, alisahau kuuliza.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujabadilisha profile tena, fungua kazi tano ulizofanya mwaka huu. Kwa kila moja jiulize: naweza kuionyesha? Nani anajua ni yangu? Nililipwa yote? Ukipata "hapana" tatu, shida yako si rangi za logo. Mteja ajaye akikuambia "nitumie tu, tutaongea", mjibu kwa heshima: tuongee kwanza, boss, halafu nitume.