Figo za mtoto: urefu wake mmeupima? (Sehemu ya 4)

Mama, kuna daktari wa watoto huko Marekani, George Schwartz. Mwaka 1976 yeye na wenzake walichapisha njia rahisi ya kukadiria figo za mtoto zinachuja kiasi gani: unachukua urefu wake na kreatinini ya kwenye damu, basi. Mwaka 2009 wakairekebisha. Watafiti wengine wamezitaja makala hizo maelfu ya mara, na vyuoni ndivyo wanavyopimana ukubwa. Sawa. Mimi sifa yake naiona kwenye ule ubao wa kupimia urefu pale kliniki.

Kreatinini ya 1.0 kwa baba mtu mzima ni ya kawaida tu. Mtoto wa miaka miwili, sentimita 90, mwenye namba hiyohiyo? Zidisha 0.413 kwa 90, gawa kwa 1.0. Unapata 37 hivi, wakati figo nzima huchuja 90 na zaidi. Huyo anaumwa jamani! Na karatasi ya maabara yenye viwango vya wakubwa itasema yuko sawa.

Kwa hiyo mwanao akiamka uso umevimba, au mkojo umepungua, akapimwa figo, usiondoke na "majibu mazuri" kabla hujauliza: urefu mmepima? Kama bado, avue viatu asimame. Dakika moja haiishi.