Kabla hujampiga kalamu aliyefuta data

Wewe uliyepewa juzi cheo cha kiongozi wa timu ya programu na bado hujafika miaka 27, hebu tuongee. Pongezi kwanza. Mshahara umepanda kidogo, na sasa mfumo ukizima saa nane usiku, simu inayolia ni yako. Swali langu ni moja: siku kijana wa timu yako atakapofuta data ya wateja, utafanya nini? Siulizi kama atafuta. Mpe muda tu.

Jibu la kawaida tunalijua. Bosi anaingia kwenye grupu ya WhatsApp na kuandika kwa herufi kubwa, "NANI AMEFANYA HII?" Kimya. Wote wamesoma, hakuna anayejibu. Kesho yake mwanagenzi mmoja anapigwa kalamu na wengine wanashukuru Mungu kwamba si wao. Najua ofisi moja hapa Nairobi ambako baada ya kisa kama hicho hakuna mtu alitaka tena kugusa mfumo wa malipo. Hitilafu zilikuwepo, kila mtu alizijua, na kila mtu alizipita kama anayempita mlevi barabarani.

Sasa linganisha na yaliyoikuta GitLab, kampuni inayowahifadhia waunda programu kazi zao mtandaoni. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao mmoja alikuwa anapambana na seva mbili za hifadhidata. Ile ya akiba ilikuwa imeachwa nyuma na ile kuu, kwa hivyo akaamua kufuta yaliyomo ili aianze upya. Amri aliiandika sawa kabisa, ila aliiandika kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Noma.

Walipokimbilia nakala za akiba, mambo yakachacha zaidi. Nakala ya kila siku haikuwa inatengenezwa, kwa sababu programu iliyopaswa kuitengeneza ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata yao. Barua pepe za kuonya zilikuwa zinatumwa, sawa, lakini zilikuwa zinakataliwa kabla ya kumfikia mtu yeyote. Walikuwa na njia tano za kujikinga na hakuna hata moja iliyofaa kutegemewa usiku huo. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma, ambayo mtu alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa ajili ya majaribio. Na unajua ni nani aliitengeneza? Jamaa yule yule aliyefuta.

Ungemfukuza usiku ule, ungekuwa umemfukuza mtu anayeijua seva ile kuliko wote.

GitLab hawakumtaja jina kwenye ripoti yao. Aliendelea na kazi. Ukarabati wenyewe waliuonyesha moja kwa moja YouTube, dunia nzima ikitazama, na baadaye wakaeleza hadharani walichopoteza: miradi takriban 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 hivi. Hasara ilikuwa ya kweli, na wala hawakuificha. Lakini badala ya kuuliza nani, waliuliza ilikuwaje amri moja ya mtu mmoja, usiku, iweze kufika mbali hivyo. Swali hilo linazaa kazi ya kufanya. Waliorodhesha mambo kama kubadilisha maandishi ya skrini ili mtu aone wazi yuko kwenye seva gani, na kumpa mtu mmoja jukumu la kuhakikisha data iko salama.

Amazon nao, tarehe 28 Februari mwaka huo huo, mtu wao alikosea amri na kuzima seva nyingi kuliko alivyokusudia. Tovuti kibao zikalala. Walichorekebisha ni chombo chenyewe: kikafanywa kizime polepole, na kikatae kushuka chini ya kiwango fulani.

Najua utaniambia, "Buda, hao wana pesa. Hapa mteja anataka programu jana." Sawa. Lakini kumwomba mwenzako apitie msimbo wako kabla haujaenda kwa wateja kunagharimu nusu saa na kikombe cha chai. Mimi chuo nilikiacha katikati, na mambo haya sikuyakuta darasani. Marafiki zangu waliobaki hadi kuhitimu wanasema nao hawakuyakuta.

Na simaanishi ubembeleze kila mtu. Anayeficha kosa makusudi, au anayeruka utaratibu mliokubaliana kila wiki, huyo muite mkae chini mwongee vizuri. Ila yule aliyekuja mwenyewe kukuambia "nimeharibu", ukimzomea mbele ya wenzake, hilo ndilo kosa la mwisho utakaloambiwa mapema.

Ijumaa hii, badala ya kuachilia toleo jipya saa kumi na moja jioni halafu mkimbilie Westlands, chukueni nakala yenu ya akiba ya juzi mjaribu kuifungua kwenye seva tupu. Mwachie aliye mgeni zaidi kwenye timu aongoze, akifuata maelezo mliyoandika. Usimsaidie. Akikwama, andika alipokwama.