Namba ni ya Serikali, Bampa ni la Mwenye Gari

Magari mengi yanayoishi Dodoma hutobolewa Dar es Salaam. Gari linashuka bandarini likitoka Japani, wakala wa forodha anamaliza makaratasi, TRA inatoa namba, vibao vinachapwa. Kabla dereva hajaishika barabara ya Chalinze, kijana mwenye drili ameshapiga magoti mbele ya bampa. Ana swali moja tu: "Bosi, matundu ya hapa hayalingani na kibao. Nitoboe?" Bosi ana haraka. Ana kilomita zipatazo 450 mbele yake na anataka kuipita Gairo kabla ya giza. "Toboa tu, fundi." Dakika mbili, kazi imekwisha. Gari lililovuka bahari bila mkwaruzo limeumizwa nchi kavu, tena kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kisa chenyewe ni vipimo. Kibao cha gari la kawaida Japani kina upana wa sentimita 33 na kimo cha sentimita 16.5, na hufungwa kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 21. Viwanda vya huko huandaa bampa kwa kipimo hicho. Ukilitazama gari lililotoka melini, mara nyingi utakuta matundu mawili tayari, na ndani yake sehemu ya kukaza bolti ya milimita 6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10. Kibao cha mbele cha Tanzania, cha manjano kwa gari binafsi au cheupe kwa gari la biashara, mara nyingi ni kirefu na chembamba, karibu nusu mita. Kikiwekwa pale, mabega yake yananing'inia pande zote mbili. Fundi hutaka kuyakaza mabega hayo ili yasicheze, basi hutoboa huko pembeni, kwenye rangi safi, na kuyaacha matundu ya kiwandani yakiwa yamefunikwa bila kazi.

Hapa ndipo desturi hii inapokosa maana. Kuna vitu viwili visivyolingana: bati la alumini lililochapwa asubuhi hiyo, na bampa lililopakwa rangi kiwandani. Cha kurekebisha ni bati. Hata hivyo, karibu kila mara anayeumia ni bampa.

Wapo watakaosema tundu la skrubu si jambo la kuandikiwa gazetini. Kwa upande mmoja wana haki. Mabampa ya magari madogo ya leo ni ya plastiki, na plastiki haishiki kutu. Kwenye Land Cruiser hardtop yenye bampa la chuma mambo ni tofauti: tundu lisilopakwa rangi ukingoni ni mlango wa kutu, na gari likiwa la kwenda pwani mara kwa mara, mlango huo ni mpana. Kwa mkazi wa Dodoma, mji unaopata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, tena karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kutu haiko mstari wa mbele. Adui wa rangi huku ni vumbi.

Uwanda wa kati umekaa juu ya miamba ya matale, na Dodoma yenyewe iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Jiwe la itale likimomonyoka huacha chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kisu, sembuse rangi ya gari. Miezi ya kiangazi upepo huziinua chembe hizo kutoka viwanjani na kwenye barabara za vumbi, iwe ni nje ya Nala, Ihumwa au njia za vijijini Chamwino. Zinaingia nyuma ya kibao na kukaa. Gari likipita kwenye barabara yenye mikunjo, bati linatetemeka juu ya bampa mamia ya mara kwa dakika, na katikati yake kuna mchanga. Huo ni msasa. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi tabaka la juu lisilo na rangi linaloleta mng'ao, haizidi sana sehemu ya kumi ya milimita. Haihitaji miaka mingi kuisha.

Anayetaka ushahidi akifungue kibao cha gari lililotembea Dodoma misimu miwili au mitatu. Chini ya bati atakuta umbo la kibao lenyewe, pembe nne, limechorwa kwenye bampa: katikati rangi imefifia na kuwa kama chaki, na kwenye kingo, pale makali ya alumini yalipokuwa yakigonga, mistari imefika hadi kwenye plastiki nyeusi. Chini ya kila skrubu kuna mchirizi wa hudhurungi, kwa sababu bampa haliliwi na kutu lakini skrubu ya bei rahisi inaliwa. Osha, piga nta, haitoki. Dawa yake ni kupaka bampa zima upya, na fundi rangi wa kulinganisha rangi ya lulu ya Kijapani hapatikani kila gereji.

Dawa ya mapema ni rahisi mno. Fundi achukue kipande cha alumini bapa au plastiki ngumu, kirefu karibu sawa na kibao. Akitoboe katikati matundu mawili yaliyoachana sentimita 21, akifunge kwenye matundu ya Kijapani kwa bolti zake, kisha kibao kifungwe juu ya kipande hicho, mbali na rangi. Bampa haliguswi na drili hata mara moja. Kati ya kipande na bampa ziwekwe washa za mpira. Tyubu chakavu ya tairi, ambayo haikosekani gereji yoyote, ikikatwa vipande vya ukubwa wa sarafu inatosha. Lengo ni kuacha upenyo wa milimita 4 au 5 ili vumbi lidondoke na maji ya kuoshea yapite. Sponji haifai, ingawa wengi huipenda kwa sababu ni laini: inanyonya vumbi na maji na kuvishikilia palepale kwenye rangi.

Gundi ya tepu ya pande mbili nayo ina watetezi wake. Kwenye bampa lenye rangi ya kiwandani, lililofutwa vizuri kwa spiriti, tepu bora inashika, na kuitoa unahitaji joto kidogo na uzi wa kuvulia samaki wa kukatia taratibu. Lakini jua la Dodoma hulainisha tepu ya bei ya chini, na magari mengi ya mitumba yalishapakwa rangi upya kabla ya kuja. Rangi ya pili haishiki kama ya kwanza. Ukiivuta tepu, inakuja nayo.

Na kama bampa halina tundu lolote? Basi litobolewe kwa adabu. Tepu ya karatasi ibandikwe kwanza ili drili isiteleze, kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gari, ianze drili nyembamba kwa mwendo wa polepole. Kina kizuiwe, kwa sababu nyuma ya bampa kuna kondensa ya AC na rejeta, na kwenye magari mapya kuna nyaya za sensa pia. Ukingo wa tundu uguswe na rangi, iingizwe fisha ya plastiki, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kukiondoa kibao cha mbele si jibu. Majimbo ya Marekani kama Florida, Michigan na Pennsylvania yanataka kibao cha nyuma peke yake, na wapenda magari wa huko wanafurahi. Tanzania gari hubeba namba mbele na nyuma, na ni vizuri iwe hivyo. Mtembea kwa miguu anayekoswakoswa na gari linalomjia ana nafasi moja ya kuisoma namba, nayo iko mbele.

Wanaoogopa wizi au mafuriko ndio wenye hoja nzito zaidi ya kukaza namba kwa kila njia. Mafuriko ya Aprili 2024 huko Dubai na Sharjah yaling'oa vibao vingi, na wenye magari wakabaki kuvitafuta kwenye maji. Huku kwetu, korongo likijaa ghafla na dereva akajaribu kulikatiza, maji hufanya vivyo hivyo. Lakini skrubu fupi iliyozamishwa kwenye plastiki ya milimita 3 ndiyo ya kwanza kung'oka. Bolti iliyokazwa kwenye nati ya kiwandani inashika kwa nguvu kubwa zaidi, na kwa anayehofia mwizi, riveti zinaweza kupigwa kati ya kibao na kile kipande cha alumini bila kuligusa gari.

Kwa hiyo kazi hii isiachwe kwa kijana mwenye drili na mteja mwenye haraka. TRA ndiyo inayosajili magari, na Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye dhamana ya vipimo. Wanaochapa vibao watakiwe kutoa kila kibao cha mbele pamoja na kikalio chake, chenye matundu yaliyoachana sentimita 21, na gharama iingizwe kwenye bei ya namba. Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya magari yake kutoka Japani inajua tayari bampa linalokuja lina matundu wapi. Mpaka hapo, anayekwenda bandarini kuchukua gari wiki hii abebe bolti mbili za milimita 6, kipande cha tyubu na spana namba 10, na aseme mapema, kabla drili haijachomekwa kwenye umeme, kwamba kinachotobolewa ni bati.