Yoga hupunguza uzito? Nusu ya jibu ipo kwenye sahani

Ndugu msomaji, siku hizi si lazima uishi Masaki au Oysterbay ndipo usikie habari za yoga. Simu ya mkononi imeifikisha hadi Lipingo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Video ya dakika mbili inamwonyesha dada mwembamba akijinyoosha juu ya mkeka, na maandishi yanaahidi kitambi kuondoka ndani ya siku 14. Anayeitazama ni mwalimu wa shule ya msingi, au mama mwenye duka, ambaye wiki iliyopita aliambiwa zahanati kwamba presha yake imepanda na apunguze uzito. Hakuambiwa aupunguze vipi. Basi anaiuliza simu, na simu inamjibu inavyotaka.

Msimamo wa safu hii ni huu: yoga ni zoezi zuri na linamfaa mtu wa Lipingo kama linavyomfaa mtu wa Dar es Salaam. Lakini anayekuambia kwamba yoga peke yake itakuondolea kilo kumi anakudanganya, na udanganyifu huo una gharama. Mtu hujaribu mwezi mmoja, haoni mabadiliko kwenye mzani, anakata tamaa, kisha anaishia kwa muuza chai za kupunguza tumbo. Presha inabaki palepale.

Kwanza tuulizane, nani anayehitaji zoezi Lipingo? Mvuvi anayepiga kasia usiku kucha hana haja ya kutafuta jasho. Mama anayelima muhogo, akabeba kuni kichwani na kuanika dagaa juani, naye mwili wake unafanya kazi ya kutosha. Hao wanaweza kuihitaji yoga kwa ajili ya mgongo na mabega, si kwa ajili ya uzito. Wapo wengine, na wanaongezeka: walimu, wauguzi, watumishi wa kata, mafundi cherehani, wenye maduka na vijana wa bodaboda wanaokaa kwenye pikipiki kutwa. Usafiri nao umebadilika. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, na safari ambazo zamani watu walizikata kwa miguu leo zinaishia kwenye kiti cha pikipiki. Ni maendeleo, tunayashukuru. Lakini mwili uliozoea kutembea sasa unakaa, na sinia la ugali halijapungua.

Hili si tatizo la mwambao wa Nyasa tu. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanawake 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulipofanyika, walikuwa wamefika 28. Unene huo ndio unaofungua mlango wa kisukari, presha na maumivu ya magoti.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 akifanya yoga ya taratibu kwa nusu saa, mwili wake hutumia takriban kilokalori 90. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Yaani nusu saa ya kujinyoosha haifuti hata kijiko kimoja cha mafuta kilichoongezwa kwenye sufuria ya mboga. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vidogo 8, na yenyewe inazidi nusu saa hiyo ya yoga. Kilo moja ya mafuta mwilini imebeba takriban kilokalori 7,700. Ukifanya yoga nusu saa kwa siku tano za wiki na usibadili kitu kingine chochote, utahitaji karibu miezi minne kupunguza kilo hiyo moja. Na hapo ni iwapo zoezi halijakuongezea njaa.

Hesabu hii isikukatishe tamaa. Inakuonyesha tu kazi halisi ya yoga ni ipi.

Yoga inaandaa mwili ulioacha kufanya kazi. Mtu mwenye kilo 95 ukimwambia akimbie ufukweni, magoti yatamshinda siku ya kwanza. Lakini anaweza kusimama, kuinama, kujinyoosha na kushikilia mkao kwa pumzi tano. Baada ya wiki kadhaa mapaja na mgongo vinapata nguvu, na kutembea kunakuwa rahisi. Pia yoga hufundisha kupumua taratibu na kuusikiliza mwili. Wengi wetu hatuli kwa njaa tu. Tunakula kwa mawazo, kwa uchovu, kwa hasira, au kwa sababu chakula kipo. Aliyezoea kutulia na kusikiliza pumzi yake anapata nafasi ya kujiuliza kabla ya kuongeza tonge: je, ni njaa kweli? Yapo pia matokeo ya tafiti yanayoonyesha kuwa yoga husaidia kushusha presha kwa kiasi na kuboresha usingizi, na mtu aliyelala vizuri hashambuliwi sana na hamu ya vitu vitamu.

Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 15,000 wa makamo. Waliokuwa wamefanya yoga mara kwa mara kwa miaka minne au zaidi waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, hasa wale ambao tayari walikuwa wanene. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba yoga ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa kuwa mtu wa yoga mara nyingi ana mazoea mengine mazuri. Lakini angalia muda: miaka minne. Hakuna aliyezungumzia siku 14.

Ratiba inayofaa basi ni ipi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa mtu wa Lipingo tunapendekeza hivi: tembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki, kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Kisha fanya yoga siku tatu au nne, asubuhi kabla ya kula au jioni saa mbili hadi tatu baada ya chakula. Huhitaji jengo la mazoezi. Mkeka unatosha, au mchanga wa ufukweni palipo safi. Msimu wa mvua, sakafu ya sebuleni inatosha pia. Akina mama, suruali pana chini ya gauni itakupa uhuru wa kuinua mguu bila wasiwasi.

Anza hivi. Simama wima, miguu ikiwa imeachana kidogo, vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, mara kumi. Piga magoti na kuweka viganja chini kama mnyama wa miguu minne. Ukivuta pumzi shusha tumbo na kuinua kichwa, ukiitoa kunja mgongo juu kama paka, mara kumi. Simama tena, kunja magoti kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, baki hapo kwa pumzi tano, rudia mara tatu. Piga hatua moja kubwa mbele, kunja goti la mbele, nyoosha mguu wa nyuma, inua mikono juu. Pumzi tano kila upande. Egemea ukuta kwa viganja, mwili umenyooka kama ubao, na ukipata nguvu baada ya wiki chache fanya hivyo ukiwa chini. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga kama daraja, mara kumi. Rudia mzunguko huo mara mbili au tatu. Mwisho lala chali dakika tano, macho umefumba. Usizipuuze dakika hizo, maana ndizo zinazotuliza moyo.

Nusu ya pili ya kazi inafanyika jikoni. Hatukuambii uache ugali wa muhogo, maana huo ndio uliokukuza. Tunakuambia upunguze mlima wake. Gawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki, dagaa au maharage. Tuna bahati ya kuwa na ziwa mlangoni. Dagaa wa Nyasa ni chakula bora, ila wakikaangwa wakaogelea kwenye mafuta wanakuwa kitu kingine. Wachemshe kwa nyanya na kitunguu, pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Chai iwe na sukari kidogo, na soda ibaki ya sherehe. Pombe nayo ihesabu, kwa sababu nayo ina kilokalori, ya kienyeji na ya dukani.

Ukifanya yote haya, tarajia kupungua nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine mzani hautasogea. Usihuzunike. Mtu mnene akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kuonyesha nafuu. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya maradhi huanza kuongezeka. Kwa mwanamume ni sentimita 94.

Tahadhari ni muhimu. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, presha ya macho au ngiri aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza, na asifanye mikao ya kusimama kwa kichwa wala ya kubana pumzi. Mjamzito asilale chali kwa muda mrefu wala kubinya tumbo, na huu si wakati wake wa kupunguza uzito. Anayetumia dawa za kisukari ajue kwamba mazoezi hushusha sukari, hivyo awe na kitu kitamu karibu. Usiache dawa za presha kwa sababu umeanza yoga. Anayepunguza au kuondoa dawa ni daktari. Na zile chai za kukuharisha hazipunguzi mafuta. Zinatoa maji, na maji yanarudi.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyasema pembeni, tuyaseme wazi. La kwanza ni imani. Yoga imetoka India, na asili yake imefungamana na dini za huko. Muumini akiuliza kama inamfaa, ana haki ya kuuliza. Mikao tuliyoieleza hapa ni kunyoosha viungo na kupumua. Haina maombi wala maneno ya ibada. Moyo wako usipotulia, zungumza na padri, mchungaji au shehe wako, au yaite mazoezi ya viungo tu. Misuli haijali jina.

La pili ni gumu zaidi. Katika jamii zetu mtu akipungua, maneno huanza. "Amekwisha yule." Kunenepa kunaonekana ni neema na kukonda kunaonekana ni ugonjwa. Wapo wanaoogopa kupunguza uzito kwa sababu hiyo, wakaendelea kubeba presha ili majirani wasiseme. Ndugu msomaji, kiharusi kikikupata majirani watakuja kukuona, lakini kitandani utabaki wewe na wanao. Mweleze mwenzako wa nyumbani mpango wako, fanyeni pamoja mkiweza, na maneno yatakosa pa kushika. Ila ukipungua bila kukusudia, ukiwa na kikohozi, homa, kiu kali au uchovu, usifurahie. Nenda ukapimwe kifua kikuu, kisukari na virusi vya Ukimwi mapema.

Mwisho tuna neno kwa wahudumu wetu wa afya. Mkimwambia mtu "punguza uzito" na kumwacha aondoke, mmemkabidhi kwa matapeli. Dakika tano zinatosha kumpima kiuno, kumchorea sahani na kumwambia arudi baada ya mwezi. Walimu wakuu nao wanaweza kufungua uwanja wa shule jioni mara tatu kwa wiki, watu wazima wakatembea na kujinyoosha pamoja. Hilo halihitaji bajeti.

Nawe msomaji, kesho asubuhi jipime uzito na kiuno, andika tarehe, tandika mkeka. Jipime tena baada ya wiki nne, si kabla. Tukutane wiki ijayo.